House of the Dragon: waigizaji wanauma, waandishi wanapuliza

Nimemaliza kuirudia House of the Dragon, ile tamthilia ya HBO ya ukoo wenye majoka unaogombania kiti cha ufalme, msimu wa kwanza na wa pili, episodi 18, na safari hii sikuwa naangalia nani atakufa maana nshajua, nilikuwa naangalia jinsi walivyopanga watu na maamuzi waliyofanya. Spoila zipo kibao humu, kama hujaiona na unapanga kuiona funga tu urudi siku nyingine, mi sitaki lawama za mtu.

Niseme kabisa mapema ili usije ukadhani naichukia: kwa kuchagua waigizaji hawa jamaa wako juu sana, sikumbuki tamthilia nyingine ya miaka hii ya karibuni ambayo kila nikitazama kona ya chumba naona mtu anayejua kazi yake. Tatizo langu na hii kitu liko sehemu nyingine kabisa, ntafika.

Tuanze na mfalme, mzee Viserys, anayechezwa na Paddy Considine. Ilivyotoka 2022 watu wengi nikiwemo mimi tulikuwa tunamsubiri Matt Smith, anayecheza Daemon mdogo wa mfalme, maana ndo sura tuliyoizoea, ndo alipakwa kwenye mabango akiwa na zile nywele nyeupe, tukajua huyu ndo stelingi. Considine tukamchukulia kama mfalme wa kupita tu, mtu wa kufa episodi ya pili ili ugomvi uanze. Aisee. Mzee alikaa episodi nane na alipoondoka tamthilia ilibaki na pengo ambalo mpaka leo halijazibwa. Chukua ile episodi ya nane, mlango unafunguliwa, mfalme ambaye kila mtu alishamzika kichwani anaingia kwa fimbo, nusu ya uso imefunikwa na kinyago cha dhahabu, mgongo umepinda, kila hatua unaisikia mwilini mwako. Walinzi wanataka kumshika, anakataa. Anafika kwenye ngazi za kiti, taji linaanguka. Mdogo wake Daemon analiokota, anamshika mkono, anampandisha, anamvalisha. Dairekta wa hiyo episodi, Geeta Patel, alieleza baadaye kwamba lile taji kuanguka haikuwa kwenye mpango, lilianguka kweli, Matt Smith akaliokota na wakaamua kukiacha kipande hivyo hivyo. Sasa hebu fikiria, sekunde kadhaa za bahati zimeeleza undugu wa wale watu wawili kuliko maneno yote waliyorushiana toka episodi ya kwanza. George R. R. Martin mwenyewe, mwenye kitabu tamthilia ilikotoka, alikubali kwamba Viserys wa kwenye tivii ana kina kuliko yule aliyemwandika yeye. Halafu zikaja tuzo za Emmy, mzee hata kuteuliwa hakuteuliwa! Hapo mi nikajua zile tuzo nazo zina wenyewe.

Twende kwenye lile lililoleta kelele kabla hata tamthilia haijatoka, yaani Steve Toussaint kuwa bwana tajiri Corlys Velaryon na ukoo mzima wa Velaryon kuwa weusi. Kelele zilikuwa nyingi na nyingi zilikuwa za kibaguzi tu, Toussaint mwenyewe alisema kwenye mahojiano kwamba watu hawana shida na majoka yanayoruka wala macho ya zambarau ila tajiri mweusi ndo wanaona haiwezekani. Na kwa taarifa yako macho ya zambarau yenyewe waliyatupa, hakuna aliyeandamana.

Lakini mi nataka niliongelee kama uamuzi wa kazi, tuweke siasa pembeni kidogo. Hii ndo casting iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye hadithi. Kwenye kitabu watoto wa Rhaenyra, binti wa mfalme na mrithi wake, wanasemwa sio wa mumewe Laenor Velaryon kwa sababu ya nywele za kahawia na pua, basi, unaweza ukabisha. Kwenye tivii Laenor ni mweusi mwenye nywele nyeupe, mkewe mweupe, na watoto wanatoka weupe wenye nywele za kahawia wakiwa wamefanana na askari Harwin Strong kama wamefotokopiwa. Hakuna cha kubisha. Kila mtu mle ndani anaona, na hapo ndo utamu unapoanzia, kwa sababu Viserys naye anaona na ameamua kutoona. Ule upofu wa makusudi wa babu anayempenda binti yake umekuwa mzito mara kumi kwa uamuzi wa casting tu, bila kuongeza mstari hata mmoja kwenye skripti. Episodi ya sita Rhaenyra katoka kujifungua hata dakika hazijapita, malkia Alicent, mama yake wa kambo, anataka aletewe mtoto sasa hivi, mama wa watu anapanda ngazi damu inamtoka, anafika, Alicent anamwangalia mtoto halafu anamgeukia Laenor na kumwambia aendelee kujaribu, iko siku atapata anayefanana naye. Kwa tabasamu kabisa. Nilicheka kwa uchungu hapo.

Ila sifa isizidi. Wakiisha kuwachagua hao Velaryon, waandishi wakawafanya nini? Laena kafa kwa kuunguzwa na joka lake mwenyewe, Vaemond kakatwa kichwa nusu, Laenor kasingiziwa kifo akapanda mtumbwi kwenda zake, Corlys episodi nyingi yuko baharini anaumwa au tunasikia habari zake tu, na wale mapacha Baela na Rhaena msimu wa kwanza wanasimama nyuma kama mapambo. Ukiita mgeni sebuleni si unampa hata kiti?

Umri sasa. Hapa kuna kichekesho ambacho nikikiwaza tu nacheka. Olivia Cooke anayecheza Alicent amezaliwa Desemba 1993. Tom Glynn-Carney anayecheza mwanaye Aegon amezaliwa Februari 1995. Yaani mama kamzidi mwanaye mwaka mmoja na mwezi na kitu tu! Ewan Mitchell, yule Aemond wa jicho moja, mdogo wa Aegon, ni wa 1997. Kwenye karatasi huu ni uwendawazimu, na ndio, kuna sehemu zinagoma, wakisimama mstari mmoja kwenye kutawazwa kwa Aegon unaona ni kama ndugu wa tumbo moja wamegombania urithi. Wakati huo huo Fabien Frankel, anayecheza askari Criston Cole, miaka zaidi ya kumi inapita na jamaa hajaota hata mvi, sura ile ile, hasira zile zile, kama anatunzwa kwenye friji.

Lakini nakwambia, inafanya kazi, na sababu ni moja tu, Olivia Cooke anajua kuchoka. Hajapakwa mikunjo, ila namna anavyokaa, anavyochuna ngozi ya vidole mpaka damu itoke, anavyomwangalia Aegon kama kosa alilolizaa, unasahau kabisa habari za vyeti vya kuzaliwa. Kuna kipande msimu wa pili, episodi ya pili, Aegon kafiwa na mtoto, yuko peke yake chumbani analia kama mtoto mdogo, Alicent anafika mlangoni, anamwona, anasimama... anageuka anaondoka. Hakuna neno. Unamchukia na unamwelewa kwa wakati mmoja. Huo ndo uigizaji bwana.

Na lile la kubadilisha waigizaji katikati ya msimu, Milly Alcock (Rhaenyra) na Emily Carey (Alicent) wakiwa wasichana episodi tano halafu paap, miaka kumi mbele, Emma D'Arcy na Olivia Cooke, watu walinung'unika sana. Mi pia niliinuna episodi ya sita nzima, Milly Alcock alikuwa ameshatuteka, ana lile jicho la utundu, na nadhani sio ajabu hata kidogo kwamba baadaye akachukuliwa kuwa Supergirl. Ila nikirudia sasa naona ule mruko umewasaidia, kwa sababu Emma D'Arcy hakujaribu kumuiga Milly. Kachukua kitu kimoja tu, kile kidevu cha kuinua akichokozwa, vingine vyote kavitengeneza upya, na unaona mwanamke yule yule aliyepigwa na maisha. Kubwa zaidi ni kwamba waandishi waliamua Rhaenyra na Alicent wawe marika na marafiki, wakati kwenye kitabu Alicent kamzidi miaka tisa na hakuna urafiki wa kuusema. Huu ni uamuzi mzuri kuliko yote ya waandishi, nawapa. Bila huo ugomvi ungekuwa wa mama wa kambo na binti, hadithi tuliyoisikia toka tukiwa wadogo.

Basi, hapo ndo sifa za waandishi zinapoishia.

Hawa watu wana mkusanyiko wa waigizaji wanaoweza kuwa wabaya kweli kweli, wabaya wa kukunyima usingizi, halafu kila wakifika kwenye ubaya wenyewe waandishi wanaingiwa na huruma. Wanauma na kupuliza. Kila jambo baya kwenye tamthilia hii ni bahati mbaya. Hebu hesabu na mimi.

Vita inaanzaje? Alicent kasikia vibaya. Mzee yuko kitandani, dawa za usingizi zimemlevya, anadhani anaongea na Rhaenyra, anataja ndoto ya Aegon yule mfalme wa zamani, Alicent akadhani anasema mwanetu Aegon awe mfalme. Ufalme mzima unaungua kwa sababu majina yamefanana! Kwenye kitabu upande wa kijani, yaani wa Alicent, wanakipora kiti kwa sababu wanakitaka, nukta. Wamempata Rhys Ifans, mzee Otto baba yake Alicent, sura ya mtu anayeweza kukuuzia kaburi lako mwenyewe, walihitaji kweli kisingizio cha masikio?

Lucerys, au Luke, mtoto wa Rhaenyra, anakufaje? Aemond alikuwa anatania. Anamfukuza kwenye dhoruba na lile joka Vhagar kubwa kama mtaa, kajoka ka Luke kanatema moto, Vhagar anakasirika anagoma kutii, anamtafuna mtoto na joka lake, na kamera inarudi kwa Aemond kaduwaa, mdomo wazi, kama mtu aliyeangusha sahani. Nikubali kwamba kile kipande kimepigwa vizuri mno, na Ewan Mitchell kwenye ule uso wa "nimefanya nini" ni balaa, na hata wazo la kwamba majoka hayana bwana lina maana yake. Ingekuwa ni mara moja tu ningepiga makofi. Lakini msimu wa pili wanamleta mpaka kwenye danguro kajikunja kama kichanga anasema anajutia. Jamani! Adui wetu mwenyewe huyo, mwacheni awe adui.

Halafu ikaja ile ya Blood na Cheese, wauaji wawili waliotumwa kulipiza kisasi, ambayo wasomaji wa kitabu waliisubiri kwa hofu miaka miwili. Kwenye kitabu wauaji wanamlazimisha Helaena, mke wa Aegon, achague yupi kati ya watoto wake wawili wa kiume afe, anamtaja mdogo, Maelor, wao wanamuua mkubwa, na yule mdogo anabaki hai akijua mama yake alimchagua yeye. Ukisoma hapo unafunga kitabu kwanza. Kwenye tivii Maelor hayupo kabisa, wamemfuta. Helaena ana pacha, wa kike na wa kiume, jamaa wanataka wa kiume, wanamuuliza ni yupi, ananyoosha kidole. Imeisha. Na Daemon aliyewatuma? Mmoja anamuuliza wasipompata Aemond je, kamera inakaa kwenye uso wa Matt Smith, kimya, wanakata. Hatukusikia amri, kwa hiyo ukitaka unaweza ukajidanganya hakuitoa. Huyu ni Matt Smith, mtu anayeweza kutabasamu ukahisi baridi, mnamnyang'anya mstari ambao ndo ungekuwa wake wa maisha. Phia Saban aliyecheza Helaena kafanya alichopewa vizuri sana, lile la kubeba binti yake na kutembea kimya kwenye korido linatisha, ila kapewa nusu sahani. Martin naye Septemba 2024 aliandika akilalamika Maelor kuondolewa na akaonyesha jinsi kumtoa kunavyoharibu vitu huko mbele, kisha andiko likaondolewa. Mi hata bila mwenye kitabu kusema nilishahisi kitu kimepungua.

Na usisahau Rhaenys, mke wa Corlys, kwenye episodi ya tisa msimu wa kwanza, anatoboa sakafu na joka lake, watu wa kawaida wanapondwa kama mchwa, anafika mbele ya maadui zake wote wamejipanga mstari mmoja, neno moja tu vita imeisha, joka linapiga kelele usoni kwao... anaondoka. Kitu hicho hakimo kitabuni, wamekiongeza wenyewe! Wamejiongezea swali ambalo hawana jibu lake. Wale waliopondwa chini hakuna aliyewazungumzia.

Sasa unajua kwanini nasema tatizo ni waandishi kuogopa? Kwa sababu mara moja walipoacha kupuliza walitupa episodi bora ya tamthilia nzima kwa maoni yangu, ya nne msimu wa pili. Anzia kwenye baraza la vita, Aegon analalamika hajaambiwa mipango, Aemond anamgeukia anaanza kumchana kwa Kivalyria cha juu, lugha ya kale ya ukoo wao, kile kimeiva, mbele ya wazee wote, anamuuliza yeye ana mpango gani. Aegon anatafuta maneno, lugha haiji, anajibu kwa kigugumizi kibovu cha mtoto wa shule aliyetoroka kipindi. Mezani kimya. Tom Glynn-Carney pale macho yanamlenga machozi na bado anajaribu kukaa kama mfalme, mi nilisogea karibu na skrini. Halafu mfalme mwenyewe analewa, anapanda joka lake dhahabu anaenda vitani bila kualikwa, na Aemond aliyejificha msituni na Vhagar anamwona kaka yake yuko juu anang'ang'ana na Rhaenys, anasubiri. Anasubiri kwanza! Kisha anatoa amri ya moto huku kaka yake akiwa katikati. Hakuna kusikia vibaya, hakuna joka kugoma. Kataka. Na pale chini Criston anamkuta amesimama juu ya kaka yake aliyeungua na upanga uko mkononi. Ona sasa uzito unavyokuja ukimwacha mtu atende dhambi yake mwenyewe.

Baada ya hapo msimu wa pili ukaishiwa pumzi. Daemon yuko kwenye ngome ya Harrenhal anaota. Episodi ya tatu anaota, ya nne anaota, ya tano anaota mambo ambayo hata kuyasimulia hapa naona aibu. Mwanzoni nilifurahi maana Milly Alcock alirudi kwenye ndoto na baadaye Considine naye akarudi, Simon Russell Beale kama mwenye nyumba aliyechoka ananichekesha kila akifungua mdomo, lakini wiki zikaenda, Matt Smith kalowa, kakunja ndita, paa linavuja. Msimu wenyewe una episodi nane badala ya kumi, halafu nusu yake mtu wako mkubwa unamfungia stoo. Wakati huo huo wametembeza wale wamama wawili kwenda na kurudi, Rhaenyra kavaa kama mtawa kaingia mjini kwa adui bila mlinzi wa maana, mwishoni Alicent naye kavuka bahari kwenda kwa Rhaenyra kumkabidhi mwanaye kama furushi. Waigizaji wawili wazuri, nawaelewa wanataka kuwaona chumba kimoja, hata mimi nataka, ila vita gani hii watu wanatembeleana?

Kwa upande wa picha nina mambo mawili. Episodi ya saba msimu wa kwanza waliipiga mchana wakaitia giza ifanane na usiku, nilizima taa, nikavuta pazia, nikapandisha mwanga wa tivii mpaka mwisho na bado Rhaenyra na Daemon wanaongea ufukweni kama vivuli viwili. Sio mimi tu, malalamiko yalikuwa mengi na jibu lililotoka ni kwamba giza lile ni uamuzi wa kisanaa wa makusudi. Na dairekta ni Miguel Sapochnik, yule yule wa ile vita ya usiku ya Game of Thrones ya 2019 ambayo nusu yake niliisikiliza kama redio. Huyu mtu ana ugomvi gani na taa? Cha pili ni cha kusifia, mwanzo wa episodi ya tatu msimu wa pili, vijana wa koo mbili hasimu, Bracken na Blackwood, wanatupiana matusi mpakani kwenye malisho, mmoja anachomoa upanga, wanakata, na picha inayofuata ni bonde zima limejaa maiti na kinu kinawaka. Vita yenyewe hawakuonyesha. Pesa wameokoa na bado nimepigwa na butwaa.

Nikitoa maksi, waigizaji tisa kwa kumi, na ile moja nimeitoa kwa sababu ya friji la Criston Cole. Uandishi sita, msimu wa pili peke yake ungepata tano isingekuwa ile ya nne. Kama una muda wa jioni chache tazama msimu wa kwanza wote, kisha msimu wa pili mpaka ya nne, ya saba usiikose kwa sababu ya joka Vermithor kule chini anavyowageuza watu kuni, na ya nane itazame ukiwa unafanya kazi nyingine. Inaisha na majeshi yanatembea, meli zinatoka, kila mtu anajiandaa, muziki unapanda, nikakaa vizuri nikijua sasa ndo inaanza, majina yakaanza kupanda.